Sanamu ya Kapteni Taveira

Wareno walipobakiwa na kambi moja tu katika nchi ya Wamakonde, Kapteni Taveira aliona ndiyo siku ya kuchongewa sanamu. Akamwita Nangonga, mchongaji.

"Nichonge niwe mkubwa kuliko nilivyo. Ukishindwa, nachoma kijiji."

"Kazi nyepesi, bwana mkubwa," alisema Nangonga, akikipima kitambi cha Kapteni kwa macho. "Ila gogo la mpingo liko bondeni, nako mmetega mabomu."

"Likate vipande, uvipitishe kwenye kijia cha langoni, hakijategwa."

"Vipande? Kwetu sanamu ya mtawala huchongwa kwa gogo zima, likaburutwa mpaka mlangoni pake. Vipande ni vya makarani."

Karani! Kapteni alipandwa na mori. Askari wake wakashinda bondeni wakifukua mabomu waliyoyafukia wenyewe, wakafyeka njia pana, safi, hadi uani mwa kambi.

Alfajiri Kapteni alisikia vishindo, akatoka mbio na nguo za kulalia.

"Gogo langu limefika?"

Uani walikuwa wamejaa wapigania uhuru, bunduki zimemwelekea, Nangonga mbele yao. Kapteni akainua mikono juu.

"Hapo hapo, bwana mkubwa, usitikisike," alisema Nangonga. "Hivyo hivyo ndivyo nitakavyokuchonga."