Pengo la Tembo

Paukwa!

Pakawa!

Na wakubwa waitikie, hadithi hii ni yao zaidi. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale wanyama waliishi katika msitu mmoja. Kila kiangazi moto ulitoka nyikani. Kwa hiyo, kabla ya kiangazi, walifyeka majani kuuzunguka msitu wote, moto usipate pa kupitia. Hiyo ndiyo ilikuwa kodi yao. Mwenye tumbo kubwa alifyeka pakubwa, mwenye tumbo dogo alifyeka padogo.

Mwaka mmoja Tembo akaenda kwa Pofu, yule mwenye pembe za kusokotwa, mkuu wa msitu. Ti, ti, ti.

"Mheshimiwa, mimi mnisamehe kodi. Nikiangusha matawi, wadogo wanakula. Kuwapo kwangu tu ni faida kwenu."

"Na sehemu yako ataifyeka nani?"

"Hilo ni lako. Mkikataa, nahama."

Pofu akaogopa. Akamsamehe misimu saba. Sehemu ya Tembo akawagawia wadogo.

Kobe akaenda kufyeka. Alikuwa amefukia mayai manne upande huohuo. Akakata majani kwa mdomo, kacha, kacha, mpaka taya likavimba. Alipoinua kichwa, hajamaliza hata upana wa mguu wa Tembo.

"Mzee Pofu, hatutawahi."

"Jikazeni," akasema Pofu.

Tembo alikuwa kivulini anakula. Inaniuma hata kusimulia.

Kiangazi kikaingia. Adhuhuri moja, moshi. Moto ukaja, vuuu. Ukafika sehemu ya Swala, ukakosa majani. Ukafika sehemu ya Nyati, ukakosa majani. Ukatambaa, ukatafuta. Ukafika kwenye pengo la Tembo. Tatata, tatata, ukaingia.

Wenye mbio wakakimbia, Tembo wa kwanza. Kobe angekimbia kwa mwendo gani? Akajilaza juu ya mayai yake, akavuta kichwa ndani. Moto ukapita juu yake.

Upepo ukageuka, nusu ya msitu ikapona. Kobe akafukua. Yai la kwanza limeiva. La pili limeiva. La tatu limeiva. La nne akaligusa, likatikisika kidogo.

Siku ya tatu Tembo akarudi.

"Poleni sana. Ila msamaha wangu uko palepale, misimu sita imebaki. Mkikataa, nahama."

Pofu akafungua mdomo. Kabla hajasema, Kobe, gamba lote jeusi, akasogea pembeni ya njia. Hatua moja. Hatua ya pili.

"Njia ndiyo hiyo, Bwana Tembo. Pita."

Tembo akatazama nje ya msitu. Majivu mpaka macho yanapoishia, kwa sababu huko hakuna aliyefyeka. Hapakuwa na jani hata moja. Wanyama wote wakamtazama. Akasimama. Akasimama. Kisha akateremsha mkonga, akaanza kufyeka ukingoni mwa nusu iliyopona.

Basi jueni hili: anayekula zaidi atoe zaidi. Akisamehewa, mzigo wake haupotei, unamwangukia asiyeweza kukimbia.

Hadithi yangu naitua hapa, karibu na lile yai moja.