Mkate wa Mikono Minne

Asubuhi ya tarehe kumi na tisa Desemba, nusu ya mji wa Niš huwa imeinamia majiko, na nusu nyingine inapiga pasi mashati ya kwendea kula. Ni siku ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa koo nyingi kuliko mtakatifu mwingine yeyote. Kila ukoo una mtakatifu wake, urithi wa baba kwa mwana, na siku yake huitwa slava. Slava haina kadi wala mwaliko. Anayekumbuka huja, na akija hafukuzwi, hata kama mwenye nyumba hajawahi kumtia machoni.

Sasa mtazameni Tadija, mwanafunzi wa uhandisi mwaka wa tatu, katika chumba chake kwenye ghorofa ya tatu ya bweni. Mwenzake wa chumba amekwenda kwao. Mlango ameukaza kwa ufunguo, mara mbili, na chini yake amesukumiza taulo ili harufu isitoroke. Mtu angedhani anachapa noti bandia. Kumbe anapika maharage.

Tadija hakuzaliwa mchoyo. Njaa ndiyo iliyomfundisha. Baba yake alifariki mwezi Machi. Mama alikwenda Austria kutunza vikongwe wa watu, na nyumba yao ya kijijini ikabaki na kufuli. Fedha za masomo zilikuwa hazijaingia, na kadi yake ya bwalo ilikuwa imeishiwa milo. Akafanya wanachofanya wanafunzi wote wa bweni lile mambo yakiwaendea kombo: alinunua kilo moja na nusu ya maharage meupe, vitunguu vingi, mafuta kidogo na pilipili nyekundu ya unga. Maharage aliyaloweka tangu jana, akayachemsha, akamwaga maji ya kwanza. Vitunguu akavikaanga taratibu, bila haraka, mpaka vikalegea na kuwa na rangi ya asali, kisha akavichanganya na maharage na kuyaacha yatokote kwenye jiko dogo la umeme ambalo sheria za bweni zinalikataza. Sufuria ile ilikuwa chakula cha siku nane, bakuli moja kwa siku. Tena bahati nzuri, Nikola huangukia ndani ya mfungo wa kabla ya Krismasi, nyama hairuhusiwi, kwa hiyo maharage mezani hayana aibu.

Siku iliyotangulia mama yake alimpigia simu, akamsihi asijitese.

“Washa mshumaa, uvunje mkate, mwanangu. Slava ya baba yako isije ikazimika mikononi mwetu.”

Wenyewe wanajua uzito wa maneno hayo. Mwana asipoishika slava mwaka wa kwanza baada ya baba kufa, mshumaa wa nyumba hiyo huhesabiwa umezimika, na ni nadra kuwashwa tena. Tadija aliahidi. Ila hakumwambia mama kwamba angeishika peke yake, nyuma ya mlango uliofungwa. Wageni wakiingia, alijisemea, watakula siku zangu nane kwa saa moja, na mimi nitatafuna penseli.

Ilipokaribia saa sita mchana, mlango uligongwa. Alikuwa Gvozden, jirani wa chumba cha pili, mwenye tumbo linalojulikana ghorofa nzima. Inasemekana aliwahi kumaliza sufuria ya watu ndipo akauliza kile kilikuwa chakula gani. Kama kuna mgeni mmoja ambaye Tadija alimwogopa siku ile, ni huyo.

“Tadija, kaka, upo?”

Tadija akalisukuma taulo kwa mguu, likazibe zaidi.

“Nasikia vitunguu humo. Vitunguu havijikaangi.”

Tadija alibana pumzi, mwiko mkononi.

“Haya basi, nyie vitunguu, mkimwona Tadija mwambieni heri ya slava.”

Nyayo zikaondoka kuelekea ngazini. Tadija akashusha pumzi. Siku zake nane zilikuwa salama.

Alitandika karatasi safi ya kuchorea juu ya meza yake ya kusomea, akausimamisha mshumaa katika glasi, akauwasha. Akauweka mkate wa duara alioununua kwa mwoka mikate, akaukata alama ya msalaba upande wa chini, akaudondoshea divai kidogo. Kisha akaushika ili auzungushe, na mikono yake ikakwama.

Mkate wa slava hushikwa na watu wawili. Mwenye nyumba upande huu, mgeni upande ule. Huuzungusha pamoja mara tatu, huuvunja, huitikiana maneno ya kale. Kila mwaka wa maisha yake Tadija aliiona mikono ya baba yake, na mbele yake mikono ya yeyote aliyetangulia kufika: kasisi, jirani, na mwaka mmoja tarishi ambaye alikuja kuleta barua tu. Na kila mwaka, kabla ya kuugusa mkate, baba alikuwa akisimama dirishani, akiitazama barabara kwa muda mrefu. Tadija alidhani baba anatazama theluji. Leo ndipo alipong'amua kwamba mzee yule alikuwa akiomba mtu atokee.

Alijaribu hivyo hivyo. Akauzungusha mkate peke yake. “Kristo yu kati yetu,” akasema. Hakuna aliyemjibu. Kati yake na nani? Maneno yale yalimrudia katika chumba kile kidogo, akaingiwa na hofu ambayo hata makaburini hakuwa nayo. Aliona wazi kuwa mshumaa unawaka mbele yake na slava inazimika.

Akalipiga teke taulo, akafungua, akakimbia na soksi tu miguuni hadi ngazini. Gvozden alikuwa ameshafika ghorofa ya pili.

“Gvozden, rudi. Sina mtu wa kunishikia mkate.”

Gvozden hakutania. Alipanda ngazi, akanawa mikono hadi viwikoni, akachomekea shati vizuri, akasimama mbele ya mshumaa kama mtu aliyeingia kanisani.

“Heri ya slava, mwenye nyumba,” akasema.

Hakuna aliyewahi kumwita Tadija hivyo. Hilo lilikuwa jina la baba yake.

Waliushika mkate, wakauzungusha. “Kristo yu kati yetu.” “Yupo, na atakuwapo.” Mara tatu. Mkate ukavunjika katikati yao, na Tadija, ambaye hakudondosha chozi siku ya mazishi, alilia pale pale, kwa sauti. Gvozden aliendelea kuushikilia upande wake mpaka mwenzake alipomaliza.

Mlango ulibaki wazi, na harufu ikaenda kuwaita watu. Alikuja Dunja wa ghorofa ya kwanza na chupa ya pilipili za kusaga za bibi yake. Wakaja wanafunzi wa udaktari na mfuko wa jozi. Akaja kijana aliyepotea akitafuta chumba kingine, akaketishwa kitandani na kupewa bakuli kabla hajajieleza. Siku ya slava mwenye nyumba haketi, na Tadija hakuketi, alisimama akipakua. Saa tisa akaona chini ya sufuria. Alingoja hofu imjie, haikuja, na jambo hilo likamshangaza kuliko yote. Gvozden, aliyekuwa amekula mabakuli matatu, alikwenda chumbani kwake akarudi na gunia la viazi, akaketi sakafuni kuvimenya. Dunja akaleta dengu. Sufuria ikajaa tena, ikaisha, ikajaa. Watu ishirini na sita walikula katika chumba cha vitanda viwili, na jioni kizingiti cha dirisha kilikuwa na chakula ambacho Tadija asingekimaliza hata kwa wiki mbili. Alikitazama tena na tena, kwa maana alijua kabisa alianza na kilo moja na nusu ya maharage.

Mama akapiga simu. Hakuuliza amepika nini wala wamekuja wangapi.

“Nani alishika upande wa pili?”

“Gvozden, mama, jirani yangu. Nilikuwa nimemfungia mlango.”

Tadija akamsikia mama akipenga kamasi huko Austria.

“Baba yako naye mwaka wa kwanza alijifungia,” akasema. “Mimi ndiye niliyegonga.”

Ama kweli, mgeni njoo, mwenyeji apone.