Dari la Chuma

Kulikuwa na msusi mmoja, binti wa watu, mwenye vidole vyepesi kuliko ulimi wa wifi. Mchana alisuka nywele kwenye kibaraza nyuma ya soko la ndizi. Jioni, mteja wa mwisho akishajitazama kwenye kioo na kulalamika kichwa kinabana, yeye alivuka uchochoro akaingia chumba cha gemu.

Ndiyo, gemu. Wazee mnaokunja uso huko nyuma, kunjueni. Wajukuu wenu wanacheza gemu kwenye simu zenu humu humu ibadani, na ninyi mnadhani wanatafuta fungu la kusoma.

Chumba chenyewe kilikuwa na mabenchi ya mbao, runinga ya chogo, na mashine moja ya kizamani iliyokuwa na gemu ya watu wawili. Picha zake za zamani, vijitu vya miraba miraba kama vimeshonwa kwa viraka, na muziki wake ti-ti-ti kama kifaranga aliyepotelewa na mama. Kila mchezaji na pedi yake mkononi. Huyu kijitu chekundu, yule kijitu cha buluu. Vinaruka ngazi, vinakwepa miiba, vinaokota nyota. Aliyeokota nyota, pointi ni zake, zinaandikwa juu ya kioo kwa rangi yake. Lakini roho, na hapa msikilize, roho zimo katika chungu kimoja. Akifa huyu, imepungua roho ya wote wawili.

Na kila hatua ya gemu ile ilikuwa na dari la chuma. Chini ya dari kuna njia. Kwenye njia nyota zimetapakaa kama mchele uliomwagika, na mwisho wa njia kuna kengele. Dari haliinuki mpaka mmoja akasimame juu ya jiwe lililoko huku nje. Akisimama, dari linapanda. Mwenzake anapita chini yake, anazoa nyota zote, anagonga kengele, na wote wawili wanavuka kwenda hatua ya mbele. Aliye juu ya jiwe akishuka, na dari linashuka. Aliyekuwa chini yake, pole yake.

Sasa nani alikuwa anasimama juu ya jiwe? Akina mama mmeshajua kabla sijauliza.

Msusi alicheza na fundi simu mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita bingwa. Kijana hodari, sitamnyima haki yake. Aliruka miiba kama hana mifupa. Lakini wakifika kwenye dari, ilikuwa neno moja tu.

"Dada, jiwe."

Na dada alisimama. Alisimama kijitu chake cha buluu kikiwa kimening'iniza mikono, huku chekundu kikizoa nyota na pointi za bingwa zikipanda kama maziwa jikoni.

Kosa la chumba kile lilitoka kwenye gemu ya mpira. Kwenye mpira sheria ilikuwa anayefungwa anapisha: ukifungwa, unatoa pedi, anakaa mwingine. Sheria nzuri, haina ugomvi. Ilipokuja hii gemu ya vijitu, hakuna aliyekaa akafikiri. Waliangalia pointi tu. Mwenye chache kafungwa, apishe. Hawakuona kwamba humu hakuna anayemfunga mwenzake, kwamba ni sawa na kuuliza mkono wa kulia umeufunga wa kushoto mabao mangapi. Basi kila jioni msusi alifungwa na mtu aliyevushwa naye.

Bingwa, kwa kuwa alimhitaji, alimfanyia huruma. Gemu ikiisha alimgeukia mwenye chumba na kusema, "Mwache akae. Nimemsamehe." Kisha kwa msusi, "Ila usizoee, dada."

Nimemsamehe. Lionjeni hilo neno. Mtu anasamehewa kosa la kukubeba.

Msusi hakutaka makubwa. Alitaka kitu kimoja, kijitu chake cha buluu kipite chini ya dari kikagonge kengele, siku moja tu, asikie inaliaje ikigongwa na yeye. Aliomba pia, kwa adabu.

"Kaka, hatua inayofuata nipite mimi. Wewe usimame."

"Dada yangu, kila mtu na kipaji chake. Wewe una kipaji cha kusimama."

"Mchana kutwa nasimama juu ya vichwa vya watu. Huku nimekuja kukimbia."

Watu wa kwenye benchi walicheka. Bingwa naye alicheka, akaokota nyota.

Ikafika siku ya mashindano. Chumba cha gemu cha ng'ambo ya mto kilileta watu wake wawili, waje washindane juu ya mashine ile ile, atakayefika mbele zaidi ndiye mshindi. Mtaa ulijaa mle ndani mpaka madirishani. Wauza ndizi waliacha ndizi. Msusi alifunga kibaraza mapema, akajifunga kanga kiunoni, akaja na kukaa mahali pake, pedi mkononi. Wageni walitangulia. Walicheza vizuri, wakaishia kwenye ngome, hatua ya mwisho, ambako dari lake ni refu kuliko yote na hakuna mtu wa mji ule aliyewahi kulivuka. Wakapoteza roho zao hapo, wakaenda kukaa pembeni. Wenyeji walitakiwa waanze mwanzo, wafike ngome na kuivuka, heshima ya mtaa ipatikane.

Hapo mwenye chumba akamwinamia msusi.

"Dada, leo pisha."

"Nimefungwa na nani? Hatujaanza."

"Usinielewe vibaya. Leo kuna wageni. Tunakalisha wenye pointi kubwa." Akamnyooshea mkono muuza mahindi ya kuchoma, wa pili kwa pointi mtaani. "Wewe pointi zako, dada, unazijua mwenyewe."

Alimtazama bingwa. Bingwa alikuwa anakunja shati mikono, hakuinua uso.

Akapisha. Wako watu wangelia. Yeye alikwenda akaegemea mlango, akachomoa kitana kwenye nywele, akaanza kukisafisha meno kwa kucha.

Gemu ikaanza. Jamani, walikuwa wazuri. Bingwa chekundu, muuza mahindi cha buluu, nyota zilikuwa zinalia kama mvua juu ya bati. Pointi za wawili hao zilipandiana mabegani. Kisha wakafika kwenye dari la kwanza, wote wawili wakasimama mbele ya njia.

"Jiwe," akasema bingwa.

"Jiwe nini?"

"Nenda kasimame."

"Nikasimame mimi? Nani kakwambia nimekuja kusimama? Nimeacha mahindi motoni."

"Atasimama nani sasa?"

"Si ulikuwa na mtu wako wa kusimama?"

Wakabishana mpaka muziki wa gemu ukaanza kwenda mbio kuwaonya. Muuza mahindi akasimama kwa shingo upande, na kila dari lililofuata alisimama hivyo hivyo, akinung'unika, akishuka kabla ya wakati ili awahi nyota zake. Mara ya kwanza dari likambana bingwa mguu. Mara ya pili likakibana kijitu chote. Chungu cha roho kilipungua kama sukari kwenye nyumba ya watoto. Walipofika ngome, walikuwa wamebakiza roho moja kati yao, na muuza mahindi akaweka pedi chini.

"Mimi kwenye jiwe hili refu sisimami. Nitazeeka hapo. Mtafute mwingine."

Wageni pembeni walikuwa wanatafuna karanga. Bingwa akageuka mlangoni.

"Dada, njoo."

"Nimepisha."

"Dada, usinifanyie hivyo mbele ya watu."

"Mbele ya watu ndipo uliponiacha nipishe."

Mwenye chumba akaja mwenyewe, mikono ameikutanisha. "Mwanangu, fikiria heshima ya mtaa."

"Mtaa una miguu. Ukasimame."

Watu wakacheka, hata waliotoka ng'ambo. Lakini msusi alikuwa ameshaanza kutembea. Alikaa, akachukua pedi ya buluu pamoja na pointi zote alizoacha muuza mahindi, nyingi, pungufu kidogo tu kuliko zile za bingwa. Akasema taratibu, kila mtu akasikia:

"Nacheza. Lakini jiwe ni lako. Napita mimi."

"Wewe? Umewahi kupita wewe?"

"Sijawahi. Kama wewe usivyowahi kusimama. Leo sote tunajifunza."

Bingwa alitazama benchi, atetewe. Benchi likamwambia, "Simama, bwana, simama." Akasimama. Kijitu chekundu kikapanda juu ya jiwe, na lile dari refu la ngome likaanza kuinuka.

Msusi akaingia. Mnadhani alikimbia ovyo? Mtu aliyetazama njia kila jioni akiwa nje yake anaijua kuliko anayeipita mbio. Alijua miiba inatokea wapi, alijua ngazi ipi inabomoka. Alikwenda kama anasuka, mstari kwa mstari, hakuruka nyota hata moja. Kengele ikaanza kuonekana upande wa kulia wa kioo, ya njano, karibu kabisa.

Na juu ya kioo pointi za buluu zilikuwa zinapanda, na nyekundu zimetulia.

Bingwa aliona. Alivumilia. Kidole chake kilitulia juu ya kitufe, jasho likamtoka puani. Buluu ikamkaribia. Buluu ikalingana naye. Kando ya jiwe lile, juu kidogo, kulikuwa na nyota moja inaelea. Nyota moja yatima, kama zile ambazo msusi alizitazama kila siku akiwa juu ya mawe ya hatua nyingine, na hakuzirukia hata siku moja, kwa sababu kuna mtu chini ya dari.

"Hii moja tu," akasema bingwa.

Akaruka.

Nyota ililia. Pointi za nyekundu zikapita za buluu. Na dari la chuma likashuka juu ya kijitu cha buluu, kengele ikiwa mbele yake hatua moja, na ile roho ya mwisho ya chungu, ya wote wawili, ikatoka. Kioo kikawa cheusi. Likabaki jina la nyekundu juu, kwa herufi kubwa, mshindi wa pointi.

Sasa sikilizeni mtu huyo alivyosema. Alinyanyua mikono. Akasema, "Mmeona wenyewe, nimemaliza wa kwanza."

Wa kwanza, ndani ya shimo alilolichimba kwa mikono yake.

Na mwenye chumba, kwa mazoea, bila hata kufikiri, akamgusa msusi begani. "Haya dada, umefungwa. Pisha."

Msusi aliitazama ile pedi mkononi mwake. Akaivuta karibu na tumbo.

"Sipishi," akasema. "Washa tena."

Mfano umeishia hapo.

Najua mlikuwa mnangoja niwaambie nini. Mlikuwa mnangoja niwaambie: ndugu zangu, tuwe kama huyu dada mwanzoni, tusimame juu ya jiwe kwa unyenyekevu, tusidai, taji letu liko mbinguni. Mahubiri hayo tumeyasikia tangu tunanyonya, na siku zote yanahubiriwa na mtu aliyeko chini ya dari, mikono imejaa nyota. Sijamsikia hata mmoja akiyahubiri akiwa juu ya jiwe.

Mimi sisemi jiwe ni baya. Jiwe ni takatifu. Bila aliyesimama hakuna aliyevuka. Ninachosema ni kwamba kama ni takatifu kiasi hicho, kwa nini mnalikimbia? Kama kusimama ni kipaji, kwa nini kipaji hicho kimewaangukia wale wale, mama wale wale, dada wale wale, yule kijana mmoja asiyejua kukataa, na kamati nzima haina hata mtu mmoja mwenye nacho?

Sisi humu tuna roho katika chungu kimoja. Mkiamini hivyo, na kila Jumapili mnakiri hivyo kwa sauti nzito, basi pointi za mtu mmoja haziwezi kuwa ushindi. Tunajenga ukuta wa kanisa, jina la nani linachongwa kwenye jiwe la msingi? La aliyekata utepe. Aliyepika uji wa mafundi tangu msingi mpaka paa, tumemwambia asante mama, usichoke. Halafu tukimwona amekaa tunamuuliza kama anaumwa.

Na ninyi wenzangu mliosimama muda mrefu, nina neno na ninyi pia. Msishuke kwa hila wakati mtu yuko chini ya dari. Hiyo ilikuwa dhambi ya bingwa, tusiifanye sisi tukaiita haki. Semeni mapema, mchana, mbele ya watu, dari likiwa bado liko chini: zamu hii napita mimi. Na mkiambiwa mpishe, msipishe.

Leo kuna wageni wa jimbo, wanakula hapa baada ya ibada. Mchele uko jikoni, haujachaguliwa. Kuni ziko nje, hazijapasuliwa. Kuku wako hai, na wana afya njema. Akina mama leo tumekaa mabenchi ya mbele, na hapa tutakaa, tunataka kuwasikia wageni wakisema mpaka mwisho, kitu ambacho hatujawahi kukisikia.

Wazee wa kanisa, mlango wa jikoni ni ule wa kushoto. Visu viko juu ya kabati.