Kidonda cha Ukungu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti zimelegea? Mmekula au mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, kondoo walipokuwa bado wanasema, palikuwa na kijiji juu milimani, kwenye baridi ya kugonganisha meno. Watu wake walifuga kondoo na kusokota sufu. Na walikuwa na mapatano na nzi: kidonda kilichotangazwa ni cha watu, kidonda kilichofichwa ni cha nzi.

Kwa hiyo siku ya kunyoa, mtu akiteleza mkono akamkata kondoo hata kidogo, alipaza sauti: "Nimekata!" Wenzake walimcheka weee, kisha mwenye chungu cha dawa alikuja. Aliosha kidonda kwa maji ya chumvi, akapaka utomvu wa shubiri, na kondoo alilala ndani mpaka kikauke. Basi, kucheka kidogo, dawa kidogo, yamekwisha.

Mwenye chungu alikuwa Sekela, mjane asiye na mtoto. Mali yake yote ilikuwa kondoo jike mmoja, jina lake Ukungu, na kitoto chake kinachonyonya. Mnyoaji hodari alikuwa Lwitiko, mdogo wake Sekela wa tumbo moja. Mama yao alipokufa, Sekela ndiye aliyembeba mgongoni. Lwitiko hakuwahi kupaza sauti hata mara moja, na sifa zilimvimbisha kichwa.

"Kwa mdogo wangu chungu changu hakina kazi," Sekela alijigamba.

Siku hiyo Lwitiko alimnyoa Ukungu watu wakitazama. Alipofika penye ngozi laini karibu na paja, mkasi ukauma. Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo kama ukucha wa mtoto.

"Umenikata, Lwitiko," Ukungu akanong'ona. "Sema."

Akanyamaza.

"Umenikata. Dada yako yule pale na chungu. Sema."

Akanyamaza.

"Umenikata, nami nina mtoto. Sema!"

Lwitiko akabandika kishungi cha sufu juu ya damu, akamsukuma aende zake. Vigelegele vikapigwa. Juu ya uzio nzi wa kijani akasugua miguu.

"Kuna aliyepaza sauti?" akauliza. "Hakuna. Basi ni changu."

Naona mnataka kuniuliza kwa nini Ukungu hakumwambia Sekela mwenyewe. Alimwambia! Jioni ile ile alimwambia, na Sekela akaenda kwa mdogo wake.

"Mdogo wangu, Ukungu hali majani. Ulimkata?"

"Mimi, dada? Nimkate?"

Sekela akarudi. Kesho yake Ukungu akawa anapiga miguu chini na kujing'ata ubavuni. Sekela akaenda tena.

"Mdogo wangu, Ukungu anajing'ata. Ulimkata?"

"Mimi, dada? Nimkate?"

Akarudi. Kisha ikaja harufu. Akaenda mara ya tatu.

"Mdogo wangu, Ukungu ananuka. Ulimkata?"

"Dada," akasema Lwitiko, na machozi yakamlengalenga, mnafiki yule, "unasadiki maneno ya mnyama, unaniacha mimi uliyenibeba mgongoni?"

Sekela akaona haya. Katika kijiji kile, mnyoaji akishakana, kumpapasa kondoo aliyemnyoa ni kumwita mwongo. Hakumpapasa. Alimpiga Ukungu kofi la mdomo, akamwambia, "Koma kumsingizia ndugu yangu!" Akamnywesha dawa ya tumbo.

Kumbe, jamani! Tumbo lilikuwa zima.

Asubuhi moja kitoto cha Ukungu kikaja mlangoni kinalia. "Mama hana maziwa. Mama hasimami."

Hapo Sekela akasahau haya. Akakimbia, akapiga magoti, akabandua kishungi cha sufu karibu na paja. Funza walikuwa wamejaa mpaka ndani ya nyama. Akawatoa mmoja mmoja kwa mwiba, akaosha kwa chumvi, akapaka shubiri, huku akilia, "Nisamehe, mama, nisamehe." Mkono uliotibu kondoo wa kila mtu haukufaa kitu kwa wake mwenyewe.

"Mkasi haukuniua," Ukungu akamwambia. "Mkasi uliniuma kidogo tu." Akafa.

Kitoto kilikataa maziwa ya kupewa. Kikalala penye ngozi ya mama yake, kikamfuata.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kijiji kizima kikajua. Lwitiko akachagua kondoo jike aliyenona kuliko wote zizini mwake, mwenye mimba, akamvuta kwa kamba hadi kwa dada yake.

"Dada, nilimkata," akasema. "Niliogopa kuchekwa. Chukua huyu awe badala."

Sekela alikuwa anasugua chungu chake. Hakuinua kichwa.

"Nani huyo?"

"Mimi, dada. Mdogo wako."

"Rudi na kondoo wako, Lwitiko," Sekela akasema. Alimwita kwa jina lake, kama anavyoitwa mtu baki. "Kondoo nitapewa na yeyote. Ndugu nilikuwa naye mmoja."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Hadithi yangu imekomea hapo, mlangoni kwa Sekela, na mimi sina ufunguo. Nendeni mkalale.