Kuku Asiyekimbia Watu

Bwana Mkumbwa, mwenyekiti wa kamati ya shule, alichoka kumwona mwanawe akishindwa kila mwaka kwenye mchezo wa kukimbiza kuku. Safari hii zawadi ilikuwa baiskeli, basi akamwita Mama Sikudhani, mfuga kuku.

"Niletee kuku mnene, mpole, asiyekimbia watu."

"Ninaye, Mwenyekiti."

"Na binti yako Sikudhani asimame nyuma ya wenzake wote."

"Hata akikaa chini, sawa tu."

Filimbi ikalia. Watoto arobaini wakamrukia kuku, wakakamatana wao kwa wao. Kuku akapenya katikati ya miguu yao, akatembea polepole, akapanda mapajani kwa Sikudhani aliyekaa chini nyuma yao.

"Ulisema hakimbii!" Mwenyekiti akafoka.

"Kwani amekimbia, Mwenyekiti? Amemfuata anayemlisha pumba kila asubuhi."