Hodi Tatu za Dundu

Nianze? Itikieni "anza", maana hadithi hii inanielemea.

Palikuwa na mwanamke mfugaji, Mwanasiti. Siku moja jini wa kisimani akamwambia, "Nakutumia wageni wawili. Wakaribishe, wana neema."

Wa kwanza alikuwa kurumbiza, ndege wa manjano mwenye sauti tamu. Alipiga hodi moja tu, akakaribishwa, akamwagiwa mtama.

Wa pili alikuwa dundu, akisukuma donge la mavi ya ng'ombe. "Hodi!" Mwanasiti akachungulia, akaziba pua. "Hodi, mama!" Akafunga mlango. "Hodi ya tatu, mwenye nyumba!" Akajibanza nyuma ya mlango kana kwamba hayupo. Mgeni asipoitikiwa mara tatu huondoka. Dundu akaondoka, na dundu wote wa nchi wakamfuata.

Mavi yakakaukia juu ya ardhi, hakuna wa kuyafukia. Shamba likakosa rutuba, mtama haukuota. Kurumbiza akaimba na njaa yake mpaka akafa kiganjani mwa Mwanasiti.

Wajukuu zangu, mnaniita Bibi Karibu kwa kuwa naitikia hata upepo ukigusa mlango. Kabla ya jina hilo niliitwa Mwanasiti.