Traka Ndani ya Gari la Shemhilu

Hapo zamani, na msininunie kwa kuiita zamani, maana siku hizi hata mwaka juzi umeshakuwa zamani, palikuwa na dereva mmoja katika milima ya Usambara aliyeitwa Shemhilu. Nawasimulia habari zake nikiwa nimechoka, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kuchoka, kwa hiyo tutakwenda polepole. Mwenye haraka aondoke sasa hivi, asije akanikatiza katikati.

Shemhilu alikuwa akiendesha magari ya watu. Alishusha karoti na kabichi kutoka Lukozi mpaka Mombo, akarudi, na kesho yake tena vivyo hivyo. Magari yalibadilika, matajiri wenye magari walibadilika, lakini kila tajiri aliweka traka ndani ya gari lake. Mnaijua traka: kile kidude kinachofichwa chini ya dashibodi, kikamwonyesha mtu kwenye simu yake gari liko wapi na limesimama wapi. Basi Shemhilu akisimama tu, simu inalia.

"Shemhilu, mbona umesimama Soni?"

"Najisaidia, tajiri."

"Muda wote huo?"

Akaja tajiri mwingine, swali likabaki lile lile. "Shemhilu, mbona hujaondoka?" "Nakula, tajiri." "Shemhilu, mbona unakwenda taratibu?" "Kuna ukungu, tajiri." Mvi zikamwota kichwani akiwa bado anawaeleza watu anakula wapi na anajisaidia wapi. Juu ya hayo akapata kisukari, akawa mtu wa kujichoma sindano kila asubuhi. Yeye na mkewe Mwajabu wakajinyima, wakauza ng'ombe wao, wakajinyima tena, mpaka wakanunua kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo. Walikinunua kwa Mzee Kaoneka wa Lushoto, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa umepooza na hakuweza tena kukanyaga klachi.

Kabla ya kulipeleka gari nyumbani, walilipitisha kwa Fundi Hoza, fundi umeme wa magari, kwa sababu taa moja ya mbele ilikuwa haiwaki. Hoza akaingiza kichwa chini ya dashibodi, akatoka anacheka.

"Kaka, humu ndani kuna traka. Tena ina laini, tena iko hai. Nikate, nisikate?"

Shemhilu hakucheka. Alisimama pale kama mtu aliyeitwa na tajiri.

"Kata."

"Itakusaidia gari likiibwa."

"Kata, Hoza. Likiibwa, liibwe likiwa langu."

Akaenda zake kunywa chai ng'ambo ya barabara. Mwajabu akabaki kwenye kiti cha abiria. Huyu Mwajabu alikuwa na kaka yake, naye pia alikuwa dereva. Siku moja ya ukungu gari la kaka yake liliacha barabara likaingia bondeni, na hakuna aliyejua ni bonde gani. Walipolipata, kaka mtu alikuwa ameshakufa, na daktari akasema hakufa siku ile ile. Neno hilo la daktari ndilo lililomnyima Mwajabu usingizi tangu hapo.

"Fundi," akasema, "nakuomba usikate."

"Shemeji, mwenye gari amesema nikate."

"Mwenye gari ana kisukari, na njia yote ile ni mabonde. Nakuomba, fundi."

Hoza akakuna kichwa. Akatengeneza taa, akaokota kipande cha waya mbovu sakafuni, na Shemhilu aliporudi akamwonyesha. "Kazi imekwisha, kaka." Shemhilu akakitupa kile kipande mtaroni, akacheka kicheko ambacho Mwajabu alikuwa hajakisikia tangu siku za uchumba wao. Mwajabu akageuza uso dirishani. Roho ilimuuma, nasema kweli, lakini siri hakuitoa.

Kesho yake akaenda kwa Mzee Kaoneka. Alitaka ile traka ihamishiwe kwenye simu yake yeye.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Najua mmefika salama. Jana nimewaona mkipanda."

Mzee alikuwa amekaa kibarazani, mguu mbovu juu ya kigoda, simu mkononi. Kumbe tangu auze gari alikuwa hajaacha kulitazama. Laini iliyokuwa ndani ya traka alikuwa akiilisha bando yeye mwenyewe, wala hakumwambia mnunuzi hata neno.

"Mwanangu, usinihamishie," akasema. "Mimi miguu sina tena. Gari lile likitembea, na mimi natembea. Likipita Magamba nausikia ule ubaridi wa msituni. Wewe una shamba, una watoto, utakaa na simu saa ngapi? Niachie mimi. Akipata shida nitakuita."

Mwajabu angeweza kukataa. Alimtazama mzee, akaona aibu kumnyang'anya, akakubali.

Basi Shemhilu akawa huru, au alidhani yuko huru, na kwa muda mrefu tofauti yake hakuiona. Alasiri akirudi bila mzigo kutoka Mombo, alikuwa akiliingiza gari pembeni, ndani kidogo ya msitu wa Magamba, anazima injini, anazima simu, anaweka miguu juu ya dashibodi. Hakuwa na mwanamke pale, msianze maneno yenu. Hakuwa na chupa. Alikuwa anakaa tu. Hakuna aliyemuuliza mbona amesimama. Akishatosheka anawasha gari anakwenda nyumbani, na mkewe alidhani amecheleweshwa na foleni ya sokoni.

Mzee Kaoneka alimwona, angekosaje kumwona? Siku moja Mwajabu akampigia simu. "Baba, kuna mahali anasimama njiani?" Mzee akajibu, "Nilikuahidi kukuambia akipata shida. Kusimama si shida." Akakata simu, na hakumwambia.

Haya, sasa msikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wanapoanza kubishana. Siku moja Shemhilu alijichoma sindano yake asubuhi kama kawaida, lakini wanunuzi wa Mombo walimsumbua, akashindwa kula, na sindano ile haitaki tumbo tupu. Akasema nitakula nyumbani. Akapanda mlima, akafika mahali pake, akazima injini, akazima simu. Mikono ikaanza kumtetemeka. Jasho likamtoka kwenye baridi ile. Akataka kufungua mlango, akawa hajui mlango ni upi.

Kibarazani Mzee Kaoneka akaliona gari limesimama. Akasema, mwache mtu apumzike. Akanywa chai yake. Akatazama tena, limesimama. Akasema, labda leo amechoka zaidi. Akatazama tena, limesimama, na jua linashuka. Hapo moyo ukamlipuka, akampigia Mwajabu.

"Mwanangu, yuko Magamba. Ndipo anapopumzika siku zote, lakini leo amekaa mno."

Mwajabu akakimbia kwa Hoza, ambaye gereji yake ilikuwa karibu na alikuwa na pikipiki. Mzee akawaongoza kwa simu mpaka kwenye mti wenyewe. Wakamkuta Shemhilu amelalia usukani, macho yako wazi, hamtambui mkewe. Mwajabu akampaka ndani ya shavu asali aliyotoka nayo nyumbani, ili sukari imrudi mwilini, Hoza akashika usukani, wakamkimbiza hospitali. Daktari akawaambia kwamba wangechelewa kidogo tu wangekuja kuchukua maiti.

Shemhilu akapona. Na alipopata akili zake, swali lake la kwanza lilikuwa hili. "Mlijuaje niko pale?"

Mwajabu akatazama sakafu. Hoza akatazama dari. Kisha Hoza akasema yote.

Siku alipopata nguvu, Shemhilu akawaita wote watatu gerejini kwa Hoza. Mzee Kaoneka aliletwa amebebwa kwenye kiti. Kirikuu kilikuwa pale, karoti zimeshapakiwa, maana sokoni hawangoji mtu apone moyo.

Mwajabu akaanza. "Baba Saida, nilikudanganya, sikatai. Lakini nilishamzika mtu mmoja aliyekufa akitusubiri. Traka ikae, tena safari hii iwe kwenye simu yangu mimi. Huyu baba alijua unakaa pale, akanificha, na siku ile akangoja mpaka jua likashuka. Mimi nisingengoja. Ukiikata, kila ukitoka nitakuwa nimekaa matanga, na maisha ya namna hiyo siyawezi tena. Nimechoka."

Mzee Kaoneka akasema, "Ni kweli niliuza gari nikabaki na jicho ndani yake, na huo ni wizi, msiutafutie jina lingine. Lakini nani aliyejua siku zote kwamba gari lile linapumzika tu, na nani aliyejua siku ile kwamba si kupumzika tena? Ni mimi. Mwajabu asingengoja, kweli. Angekupigia siku ya kwanza tu uliposimama, ungeacha kusimama pale, na ungeangukia mahali tusipopajua. Siri yako niliitunza, Shemhilu. Niachie simu. Na mkiikata, nyumbani kwangu patakuwa kimya sana."

Fundi Hoza akasema, "Mimi nilichukua kazi ya mtu nikamwonyesha waya wa uongo. Fundi akishafanya hivyo, nani atamwachia tena gari? Lakini ningekuwa mkweli siku ile, kaka, leo tungekuwa tumekaa kwenye mkeka wa msiba wako. Nihukumuni mtakavyo, ila nisiambiwe tena nikate au nisikate. Mimi hapo nimejitoa."

Akampa Shemhilu plaizi ya kukatia waya.

Shemhilu akainama chini ya dashibodi, akakivuta kile kidude nje. Kilikuwa kidogo, kinatosha kiganjani, kitaa chake kinawaka na kuzima, na nyuma yake waya. Akakishika mkono mmoja, plaizi mkono wa pili, akawatazama wote. Hakuwa na hasira, na wenyewe walisema baadaye kwamba wangependa angekuwa na hasira.

"Nawashukuru," akasema. "Sitanii. Bila ninyi ningekuwa nimeshaoza kule msituni. Wewe mke wangu ulinipigania, wewe baba ulinitazama, wewe Hoza ulinifuata. Lakini mimi nilitafuta gari langu ili nipate mahali ambapo hakuna mtu ananiona. Nikapapata. Nilikuwa nakaa pale nasema, sasa hivi duniani hakuna anayejua Shemhilu yuko wapi. Kumbe mzee alikuwa anajua kila siku. Sasa na wewe Mwajabu unajua, na Hoza unajua, na nikikaa pale tena nitakuwa nasikia macho yenu. Na nikiikata, nitakaa pale nikikuona wewe Mwajabu umekaa mlangoni unalia. Pale mahali pangu pamekwisha, hata nikate, hata nisikate. Mmeniokoa ili nirudi kupumzika wapi?"

Mwajabu alilia bila sauti. Mzee Kaoneka alikuwa akiitazama simu yake badala ya kuwatazama watu, na kwenye simu ile gari lilikuwa limesimama, na yeye alikuwa amekaa kando yake.

Sokoni wakapiga simu kuuliza karoti ziko wapi.

Msiniulize alifanya nini. Nimewasimulia watu wengi habari hii, na kila mara nadhani nikifika hapa nitakuwa nimeshajua, nafika sijui. Wapo wanaosema gari ni lake, na mwili ni wake, basi akate, na likimpata la kumpata ni lake. Wapo wanaosema mke aliyelala macho wazi miaka yote ile ana haki kuliko mwenye gari. Wapo wanaomtetea mzee, kwa sababu alijua kuona na kunyamaza, na watu wa namna hiyo ni wachache. Na kuna mwanamke mmoja aliyenijibu kwa ukali kwamba wote watatu walimpenda Shemhilu na hakuna hata mmoja aliyemsikiliza, kisha akaanza kulia, nikashindwa kumuuliza zaidi.

Basi nyinyi mliokaa hapa, ambao hamjachoka kama mimi, chukueni plaizi hiyo. Kitaa kinawaka na kuzima, karoti zinangojwa, mke analia, mzee anatazama simu, fundi amejitoa. Je, kati ya Shemhilu na hao watatu, nani alistahili kuamua kama waya ule ukatwe?